Habari ya Chupa Nne

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika gazeti letu nieleze jambo lililonipata safarini mwaka jana, wakati wa likizo ya Desemba. Sisi walimu tukiandika humu, desturi yetu ni kueleza makosa ya wanafunzi, au ya wazazi wasioleta watoto shuleni kwa wakati. Leo nataka kueleza kosa langu mwenyewe, pamoja na la shemeji yangu, na habari ya chupa nne za wiski zilizotoka melini zikafika mpakani Horohoro.

Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, ni mpishi katika meli ya watalii. Meli za namna hii hazichukui shehena, wala abiria wake hawana mahali wanapokwenda. Ni meli za matembezi. Mtu hulipa fedha nyingi, akapanda, akazungushwa baharini siku kumi au ishirini. Asubuhi hushushwa Unguja akautazama Mji Mkongwe, au Mombasa akaitazama Ngome ya Yesu, na jioni hurudi melini kula na kulala. Ndani mna maduka, na katika maduka hayo chupa ya wiski huuzwa kwa bei nafuu, kwa kuwa haikulipiwa ushuru katika nchi yo yote.

Hapa nitasimama kidogo nieleze, maana nimeona hata watu wenye elimu hawalijui jambo hili sawasawa. Ushuru wa kileo hudaiwa na nchi kitakamonywewa. Chupa ikiwa njiani kutoka nchi moja kwenda nyingine, ni kama mtu asiye na kwao: serikali ya kule ilikotoka haiidai tena, na serikali ya kule iendako bado haijaiona. Duka la kwanza la namna hii katika kiwanja cha ndege lilifunguliwa Shannon, nchi ya Ireland, mwaka 1947, kwa shauri la mtu mmoja aitwaye Brendan O'Regan. Ndege za siku zile zilizovuka bahari ya Atlantiki zilikuwa zikitua pale kutia mafuta, naye akafahamu kwamba abiria wanaongoja pale hawamo Ireland kwa hesabu ya forodha, ijapokuwa miguu yao i juu ya udongo wa Ireland. Katika meli ni hivyo hivyo. Shemeji aliniambia kwamba meli yao ikifunga gati maduka yote hufungwa, kwa sababu imeingia chini ya forodha ya nchi ile. Ikitoka bahari kuu hufunguliwa. Tena abiria akinunua chupa hapewi mkononi, bali huwekewa ghalani hata siku ya mwisho, jioni, wakati wa kufunga masanduku. Na hapo ndipo taabu yake inapoanza, kwani akishuka nayo tu, chupa imekwisha kupata kwao.

Nchi nyingi humsamehe msafiri kiasi kidogo. Marekani humwachia lita moja ya kileo. Uingereza tangu mwaka 2021 humwachia mtu lita 4 za mvinyo mkali, na divai, na bia nyingi juu yake. Sijui kichwa gani kinaweza kustahimili hayo. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikomesha mwaka 1999 uuzaji wa bidhaa zisizolipiwa ushuru kwa wale wanaosafiri kati yao kwa wao, maana zimekuwa kama nyumba moja. Kwetu sisi iko sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Sheria hiyo humsamehe msafiri mvinyo mkali usiozidi lita moja, au divai isiyozidi lita mbili, na tumbaku isiyozidi gramu 250, naye awe ametimiza miaka 18. Wala haikuishia hapo. Mali hiyo sharti iwe yake mwenyewe, aje nayo mwenyewe, na iwe kwa matumizi yake au ya nyumba yake, si ya kuuza. Maneno haya ya mwisho niliyajua baadaye kuliko ilivyonipasa.

Nilikwenda Mombasa kumpokea shemeji, kwa kuwa alikuwa amemaliza miezi tisa yake ya kazi na mizigo yake ilikuwa mingi. Tena nilikuwa na haja nyingine. Jirani yetu wa Wete, bibi mmoja mzee, alikuwa Mombasa kwa binti yake aliyeolewa huko, naye alikwisha kutolewa mtoto wa jicho katika jicho moja, na jicho la pili bado. Watoto wake walinijia nyumbani wakaniomba nirudi naye, apate mtu wa kumshika mkono katika basi na melini. Wangeweza kumwomba mtu mwingine wa dini yao, maana Wete ni mji wa Waislamu, na sisi Wakristo ni wachache, watu wa kuhesabika. Wakaja kwangu. Nilifurahi sana, na nakiri kwamba nilijivuna kidogo.

Usiku wa kuamkia safari, shemeji alifungua sanduku lake mbele yangu. Ndani, katikati ya suruali za kazi, zilikuwamo chupa nne za wiski, kila moja lita moja kamili, zina lakiri, zimefungwa katika makaratasi mazuri. Jinsi alivyopita nazo Mombasa sikumwuliza, na huko kutokuuliza ndiko kosa langu la kwanza. Moja ilikuwa yake. Ya pili amemwahidi rafiki yake Chake Chake. Mbili zilizobaki, akasema, ataona.

"Shemeji," akaniambia, "kila mtu ana lita yake moja. Wewe hunywi, basi lita yako inapotea bure. Bibi naye hanywi, lita yake inapotea bure. Mimi nataka kuziazima tu."

Maneno haya yaliniingia kichwani kama hesabu iliyotoka bila ya baki. Watu watatu, lita tatu. Nikamwambia kwamba mimi nitachukua moja, lakini bibi tumwache, asiguswe. Akacheka, akasema, "Haya, mwalimu." Nikaitia chupa ile katika mfuko wangu, chini ya vitabu. Wala sikumwuliza ya nne itapitaje.

Sitaki msomaji amwone shemeji kuwa mtu mwovu. Alikuwa na neno lake, nalo si la kudharauliwa. Tulipokuwa katika kivuko cha Likoni alinieleza jinsi anavyowaona wageni kila siku. Mtu mmoja huagiza divai ya chakula cha jioni kwa bei ya mshahara wake yeye wa wiki mbili. Akishuka Unguja huketi hotelini pwani akanywa mpaka usiku wa manane, hapana amwulizaye neno. "Lakini mimi," akasema, "nikileta chupa nne kwa jasho langu, nitasimamishwa kama mwizi. Kwa nini?"

Nilikosa jibu wakati ule. Nimefikiri baadaye, na jibu nililolipata nusu yake liko katika historia. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya pamoja na mengine yalifanya mapatano katika mji wa Brussels juu ya kukomesha biashara ya watumwa, na ndani yake wakaweka sheria ya vileo. Walichora nchi kutoka digrii 20 kaskazini ya ikweta hata digrii 22 kusini, pamoja na visiwa vyote vilivyo karibu na bara kadiri ya maili 100 za bahari. Na Pemba iko yapata kilometa 50 tu kutoka bara, basi nasi tulikuwamo. Mahali ambapo mvinyo mkali haukuwa umeenea, kwa sababu ya dini au nyinginezo, ukakatazwa kuingizwa. Mahali pengine ukatozwa ushuru. Mwaka 1919, huko Saint-Germain karibu na Paris, mapatano hayo yalifanywa upya. Sababu zilizotajwa zilikuwa njema, yaani kumkinga Mwafrika na sumu ya wafanyabiashara. Lakini zilipofika kwetu zikawa sheria za rangi. Bwana mkubwa aliagiza wiski yake kwa stima, ikashushwa forodhani, mchukuzi akaibeba kichwani mpaka barazani; na mchukuzi yule yule akikutwa nayo kwa ajili ya kinywa chake alikuwa na kesi ya kujibu. Mambo hayo yamekwisha. Lita moja ya sheria ya leo haiulizi rangi wala mshahara. Mtalii akishuka Unguja ana lita moja, na mpishi wake akipita Horohoro ana lita moja. Divai anayoinywa yule mtalii hotelini imekwisha kulipiwa ushuru na mwenye hoteli, na mwenye hoteli ametafuta leseni, kwani Zanzibar ina sheria yake ya kudhibiti vileo, iliyotungwa mwaka 2020. Kwa hiyo shemeji hakunyimwa kitu ambacho mgeni amepewa. Ila mgeni ana fedha na shemeji hana. Na jambo hilo haliwezi kusawazishwa mpakani, wala kwa chupa iliyofichwa.

Basi tuliondoka Mombasa asubuhi. Nilimweka bibi dirishani, upande usio na jua, na kikapu chake cha ukindu miguuni pake. Ndani mlikuwa na halua, na dawa zake za macho, na kanga alizopewa na binti yake, na vikorokoro vya wajukuu. Tulipita Ukunda, tukapita Msambweni. Hapo basi lilisimama abiria wanunue maji, nami nikashuka. Niliporudi nilimkuta shemeji ameinama, anamfungia bibi mdomo wa kikapu kwa kamba.

"Kilikuwa kinamwagika," akasema bila kunitazama.

Bibi akamshukuru, akamwombea dua ya maisha marefu.

Kutoka Msambweni mpaka Lunga Lunga sikusema neno. Nilikuwa nikilitazama jambo lile kama mtu anayetazama moshi juu ya paa la jirani yake, akajiambia kwamba labda wanapika. Nilijiambia kwamba labda kikapu kweli kilikuwa kinamwagika. Nilijiambia kwamba yule ni ndugu wa mke wangu, na mtu hawezi kumpekua ndugu wa mke wake mbele ya abiria. Na juu ya hayo yote, nilikuwa na chupa katika mfuko wangu mwenyewe, chini ya vitabu. Ningemkemea kwa kinywa gani?

Horohoro siku hizi kazi za nchi mbili zimewekwa pamoja. Anayetoka Kenya hukaguliwa upande wa Tanzania, na anayekwenda Kenya hukaguliwa upande wa Kenya. Abiria wote hushuka, kila mtu na mizigo yake. Bibi aliponyosha mkono kushika kikapu, akasita, akaniita.

"Mwalimu, nichukulie kikapu changu. Leo kimekuwa kizito."

Nikakichukua. Kilikuwa kizito kweli.

Tulisimama katika mstari. Mbele yetu walikuwa watu kama kumi na watano, wengi wao wanawake wa Kiislamu wenye mabuibui, na wanaume wawili wa Wete ninaowajua kwa sura; mmoja wao hunisalimu sokoni. Meza ilikuwa mbele ya watu wote. Kila mtu alifungua mzigo wake juu ya meza, mtumishi wa forodha akatia mkono, akatazama, akamwachia. Nikaona kwa macho ya moyo wangu kikapu cha bibi kinafunguliwa pale: zinatoka kanga, inatoka halua, inatoka chupa ya wiski. Watu wa Pemba wananielewa. Kuna bibi wa miaka sabini na zaidi, amekwenda Hija, hajakosa kufunga Ramadhani tangu utoto wake, na pembeni yake amesimama mwalimu wa Kikristo aliyepewa amana ya kumrudisha nyumbani. Hapana ushuru duniani unaoweza kulipwa baada ya hapo. Habari ingefika Wete kabla yetu.

Nilipokuwa katika mstari nilikumbuka neno ushuru lilikotoka. Ni la Kiarabu, na asili yake ni sehemu ya kumi. Na forodha nalo ni la Kiarabu, ndiyo maana pale Unguja pwani paliitwa Forodhani. Zamani za Sayyid Said ushuru wa bidhaa zilizoingia ulikuwa tano katika mia, kama ilivyoandikwa katika mapatano yake na Marekani ya mwaka 1833, na forodha yote ilikodishwa kwa mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Shivji, aliyemlipa Sultani fedha za mwaka, kisha akakusanya mwenyewe kwa faida yake. Mtathmini mali na mpokeaji fedha alikuwa mtu mmoja. Haishangazi kwamba watu wa pwani walijifunza kumficha mtu wa forodha vitu, wakawarithisha watoto wao ustadi huo bila kuona aibu. Hata huko Uyahudi ilikuwa hivyo, na sisi tuliosoma katika misheni twajua kwamba Mtakatifu Mathayo aliitwa kutoka forodhani, wala jirani zake hawakumpenda kwa kazi ile. Nilikuwa nikifikiri mambo haya yote, Bwana Mhariri, ili nisifikiri juu ya kikapu.

Walipobaki watu wanne nikamwambia shemeji kwa sauti ndogo, "Nenda ukatoe."

"Sasa?" akasema. "Mbele ya watu hawa? Nyamaza, shemeji. Mzee kama huyu hawamfungui."

Huenda alisema kweli, maana nilimwona mzee mmoja mbele yetu amepitishwa kwa heshima, mzigo wake haukuguswa. Na nikafahamu kwamba hilo ndilo alilolitegemea tangu Msambweni: heshima ya uzee wa bibi ndiyo ingekuwa pazia la chupa yake. Hapo nikakasirika, na hasira ile ikanisaidia, kwa kuwa ushujaa sikuwa nao.

Nikamwomba bibi akae juu ya benchi kivulini, nikatoka katika mstari na kikapu mkononi, nikamwendea mtumishi wa forodha wa pili, binti kijana aliyekuwa akiandika pembeni. Nikamwambia, "Samahani, dada, nina maneno kabla mizigo yetu haijafunguliwa. Katika kikapu hiki mna chupa ya mvinyo. Mwenye kikapu ni yule bibi pale, naye hajui. Na katika mfuko wangu mna chupa nyingine. Zote mbili si zangu wala si zake."

Akanitazama. Akamtazama bibi, aliyekuwa ameketi akifuta jicho lake kwa ncha ya mtandio. Kisha akasimama, akakichukua kikapu yeye mwenyewe, akaingia nacho chumbani, nami nikamfuata. Alikifungua akiwa ameupa mlango mgongo. Chupa ilikuwa chini kabisa, imeviringwa katika kanga moja ya bibi. Akaitoa, akaikunja kanga vizuri, akairudisha mahali pake, akafunga kamba kama ilivyokuwa. Hakusema neno mpaka alipomaliza. Sitamsahau binti yule.

Kisha akaniuliza maswali mawili. "Hii ya mfukoni mwako, ni mali yako?" Nikasema siyo. "Utaitumia wewe?" Nikasema hapana. "Basi," akasema, "huna cha kusamehewa, mwalimu. Msamaha ni wa msafiri juu ya mali yake. Usipokuwa na mali, msamaha wako umelala tu. Huwezi kumpa mtu, kama usivyoweza kumpa mtu mwingine hati yako ya kusafiria." Nami mwalimu wa hesabu nikaona jinsi nilivyokuwa nimekosea hesabu yangu ya watu watatu na lita tatu. Nilikuwa nimezigawa lita, na sheria ilikuwa imewahesabu watu.

Shemeji aliitwa. Alikuja uso umeiva. Nikamwambia, "Toa na ya nne," naye akanitazama kwa macho ambayo mke wangu akikasirika huwa nayo vile vile, akafungua sanduku, akazitoa zote mbili zilizokuwa katika suruali, akaziweka mezani. Zikasimama pale chupa nne kwa safu, nzuri, zinang'aa.

Kwa kuwa tulisema kabla hatujapekuliwa, hakuna aliyeshtakiwa. Chupa moja alirudishiwa shemeji bila kulipa kitu, ndiyo haki yake. Kwa zile tatu binti alitueleza jinsi ushuru unavyopandishwa: kwanza thamani ya mali, juu yake ushuru wa forodha, kisha ushuru wa bidhaa, ambao kwa mvinyo mkali huhesabiwa kwa kila lita, kisha kodi ya ongezeko la thamani, 18 katika mia, nayo haitozwi juu ya thamani tu, bali juu ya jumla ya yote yaliyotangulia. Shemeji alipoona jumla akasema chupa mbili aziache. Ziliandikwa, zikawekwa kabatini. Ya tatu, ile ya rafiki wa Chake Chake, alisita juu yake, na hapo nikasema kwamba ushuru wake nitaulipa mimi. Ndiyo ile iliyokuwa chini ya vitabu vyangu. Tukapewa namba ya malipo, nikalipa kwa simu, na fedha zile zilikuwa nimeziweka kwa viatu vya shule vya mwanangu. Stakabadhi nikaikunja nikaitia katika kitabu.

Basi lilitungoja. Abiria walinung'unika kidogo, lakini hapakuwa na mtu aliyejua sababu. Kutoka Horohoro mpaka Tanga ni mwendo wa kilometa 65 hivi, na shemeji aliketi kiti cha nyuma.

Tulilala Tanga, na meli ya Pemba tukaipanda siku ya pili yake. Bahari ilikuwa shwari. Tulipokwisha kuiacha bara, na milima ya Usambara imekuwa kama wingu, bibi akaniita nikakae karibu naye.

"Mwalimu," akasema, "kikapu changu kilipanda basi chepesi, kikashuka kizito, kikapanda tena chepesi. Macho yangu ndiyo mabovu, mwanangu. Mikono bado."

Nikamweleza yote, tangu sanduku la Mombasa, wala sikuificha ile ya chini ya vitabu. Alisikiliza akitazama majini. Kisha akauliza, "Ilikuwa wazi au imefungwa?"

"Imefungwa, bibi. Lakiri haikuvunjwa."

"Imefungwa kwa nini?"

"Kwa kanga yako moja."

"Ipi?"

Nikamwambia rangi zake. Akavuta pumzi. Ilikuwa ile aliyopewa na binti yake, bado hajaivaa. Akanyamaza muda mrefu, nami nikawa kama mtoto anayengoja nje ya mlango wa mwalimu mkuu.

"Mngeniuliza," akasema, "ningewaambia siwezi. Shemejiyo angekasirika kidogo, na sote tungelala vizuri."

Nikasema, "Ni kweli, bibi."

"Nani mwingine anajua?"

"Yule binti wa forodha tu."

Akafikiri. "Yule si mtu wa Wete," akasema, akaomba maji ya kunywa.

Tulifika Mkoani alasiri. Pale tena palikuwa na meza, na shemeji aliiweka chupa yake na ya rafiki yake juu yake, na stakabadhi pembeni, bila kuambiwa. Mtu wa forodha alisoma, akazitazama chupa, akamtazama yeye, akamwachia. Rafiki wa Chake Chake alikuja kupokea mali yake, akatoa asante, kulipa hakulipa. Mimi nilimpeleka bibi mpaka mlangoni kwake Wete, na wajukuu wakakivamia kikapu kabla sijageuka.

Kwa siku kadhaa shemeji hakuja kwetu. Mke wangu alisema nimemwaibisha nduguye mbele ya serikali. Kisha alipoyasikia ya kikapu, ambayo nduguye hakumweleza, alikwenda mwenyewe usiku ule kwa shemeji, nami sikuuliza walisemezana nini. Siku ya Noeli shemeji alikuja kula nasi, hakuja na chupa. Alisema meli inamwita tena mwezi wa Februari.

Shule zilipofunguliwa nilikuwa nafundisha Darasa la Sita hesabu za asilimia. Vitabu vyetu vina mifano ya mtu aliyenunua ng'ombe akamwuza kwa faida, na watoto wameichoka. Nikakumbuka ile stakabadhi. Nikaandika ubaoni tarakimu zake zote: thamani, ushuru wa kwanza, ushuru wa lita, kisha ile kodi ya juu ya yote. Sikuandika bidhaa yenyewe. Watoto waliipenda sana hesabu ile, kwa sababu ilikuwa ndefu na ya kweli, na wengi wakaipata.

Mtoto mmoja akanyosha mkono. "Mwalimu, hiyo ilikuwa bidhaa gani?"

Nikasema, "Bidhaa ya kutoka melini."

Katika safu ya tatu, mjukuu wa bibi alikuwa amejifunika uso kwa daftari, na mabega yake yanatikisika kwa kicheko.